Jina Langu Chini ya Mche wa Tufaha

Jumamosi, 23 Septemba 1978

Leo alasiri, jua likiwa bado juu ya misonobari, nimepoteza jina langu. Halikuibwa, wala sikulisahau mahali. Arlene amelizika. Alipiga magoti mbele ya shimo, akainama mpaka nywele zikagusa udongo, akalitamka mara moja tu, na wanawake sita wakalifukia kwa mikono. Juu yake wakapanda mche wa tufaha. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na koleo, kwa sababu shimo nililichimba mimi.

Naandika usiku huohuo ili kesho nisiambiwe kwamba sikuelewa. Nimeelewa vizuri. Desturi ya hapa Mwandamo, shamba letu la wanawake, ni kwamba mchana na usiku vinapolingana, mwanamke anayetaka huzika maneno yaliyomuumiza. Neno likishazikwa halitamkwi tena na mtu yeyote ndani ya mipaka ya shamba, kwa kuheshimu kidonda cha aliyelizika. Shamba ni ekari arobaini na mbili, kuanzia geti mpaka kijito. Mwaka jana, kabla hatujaja, walizika "mke" na "bwana". Leo Umande, yule binti wa miaka ishirini na miwili aliyeacha chuo, amezika "bonge", na nilimpigia makofi, maana mama yake alimtesa sana kwa neno hilo.

Arlene alizika mawili. La kwanza lilikuwa "jikedume". Hilo nilikuwa nimeonywa kwamba linakuja, nikajikaza. La pili lilikuwa "Vern".

Nilirudisha koleo bandani, nikalipangusa.

Jumapili, 24 Septemba

Nilizaliwa Verna Mae Stoddard, mtoto wa watu waliokuwa wakihama na mavuno ya matunda. Mwaka wa hamsini, nikiwa na miaka kumi na tisa, niliingia kwenye baa moja huko Sacramento nimevaa suti ya marehemu mjomba. Mwanamke mmoja wa makamo alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Basi wewe ni Vern." Nikaketi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita nikageuka bila kujilazimisha.

Kwa jina hilo nimepigwa na polisi. Kwa jina hilo nimefukuzwa kazi kiwandani, nikajifunza kuezeka kwa kuwatazama wengine, na baadaye nikawa na pikapu yangu na vijana watatu chini yangu. Mimi ni jikedume, sijawahi kulionea haya neno hilo, nilijishonea mwenyewe likanikaa mwilini. Na Arlene Pacheco, miaka tisa iliyopita, alisimama chini ya ngazi nikiezeka nyumba ya jirani yao, kucha nyekundu, gauni la maua, akaniita, "We Vern, shuka unywe kahawa, nyumba haikimbii."

Huyo ndiye aliyeinama jana.

Nilimwuliza asubuhi, tukiwa kwenye kibanda chetu, akichokoa udongo kwenye kucha. Nilimwambia amenizika nikiwa hai.

"Sikukuzika wewe," alisema. "Nimemzika mtu niliyekuwa mimi nikikuita hivyo."

"Na mimi sasa niitikie nini?"

"Utachagua. Kila mtu hapa amechagua."

"Mimi nilichagua mwaka wa hamsini, Arlene."

Akaniambia kwa upole kwamba jina lake ni Korongo.

Alhamisi, 28 Septemba

Nimechana vigae vya mwerezi mia tatu na ishirini kwa ajili ya nyumba kubwa. Upande wa kaskazini wa paa bado uko wazi. Mbingu safi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Kifungua kinywa kiligeuka kuwa sherehe ya kunibatiza. Umande alikuja na majina yake ameyakariri kama mtu anayeuza samaki: Nyundo, Mwerezi, Ngazi, Dubu. Nikamwambia dubu hulala miezi mitano, kama nitapewa na usingizi wake nipeni hilo. Walicheka wote. Arlene naye alicheka, kile kicheko cha zamani kinachoanzia tumboni, kisha akakumbuka kwamba hatuko vizuri, akaangalia sahani yake.

Mwamba hakucheka. Shamba ni la Mwamba, ingawa hapendi lisemwe hivyo. Yeye ndiye aliyelinunua, yeye ndiye aliyechora mpaka, na sauti yake haijawahi kupanda kwa kuwa haijawahi kuhitaji. Alisema jina si shati la kazi kwamba mtu ataling'ang'ania kwa sababu amelizoea.

Nikamwambia shati la kazi ndilo linalomjua mtu. Akachukua mkate.

Wananiita "dada". Wanawake wanane hapa, wote ni dada. Ukisikia "dada" huna sababu ya kugeuka.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza, nusu inchi kwenye kopo langu. Jioni tulikaa duara. Anayeshika jiwe ndiye anayesema, wengine kimya, hakuna kukatizana, na hakuna jambo linaloamuliwa mpaka wote wakubali. Mwanzoni nilipenda mpango huo. Kwenye kazi za ujenzi niliwahi kukatizwa na wanaume wasiojua hata kushika timazi.

Mwamba alishika jiwe muda mrefu. Alisema hana ugomvi na mtu, ana ugomvi na nakala. Kwamba mwanamke akivaa suti na kumfungulia mwenzake mlango, na mwenzake akapaka rangi ya mdomo na kungojea kufunguliwa, basi wale waliotuumiza bado wako chumbani wameketi. Alisema hapa tumekuja kutafuta kitu ambacho hakijawahi kuwa na umbo. Alisema vizuri. Sitakataa kwamba alisema vizuri.

Kisha akaniwekea jiwe mkononi na kuniomba niseme sentensi moja: Mimi ni msagaji.

Nilimwambia nimelala na wanawake miaka ishirini na minane, sentensi anaitakia nini.

"Unaogopa neno," akasema.

"Neno hilo kila nilipolisikia lilikuja pamoja na chupa ya kurushwa."

"Ndiyo maana tunalisema sisi wenyewe. Ili chupa ibaki bila la kusema."

Nikapitisha jiwe. Umande alililaza mapajani kama kifaranga, akalipitisha. Arlene, aliyekuwa wa tatu kutoka kwangu, alisema kwa sauti thabiti kuliko niliyowahi kumsikia nayo: yeye ni msagaji, na aliishi kama mke wa mtu, na hajui vile vitu viwili vilikaaje kwenye mwili mmoja. Neno "mke" lilikuwa limezikwa. Watu walishtuka. Yeye mwenyewe hakuona.

Jumapili, 15 Oktoba

Arlene amekata nywele zote. Ameziacha kwenye benchi kama vile ni za mtu mwingine. Nimezifagia. Mvua.

Alhamisi, 19 Oktoba

Naandika jinsi anavyoniita, maana inanila.

Asubuhi anakohoa. Nikiwa mbali anagonga ngazi kwa funguo. Nikiwa karibu anagusa kiwiko. Tukiwa na watu anasema "huyu". Jana alinihitaji nikiwa bandani na yeye yuko nje kwenye mvua, nikamsikia akizunguka banda zima, akapita mlangoni, akarudi, akaingia, akasimama mbele yangu ameloa, na ndipo akasema, "Maji ya kijito yamepanda." Alikuwa ametembea mvuani badala ya kuita silabi moja.

Na usiku ndiyo mbaya zaidi. Tulikuwa na namna yetu. Sitaiandika. Lakini mwisho wake ulikuwa jina langu, miaka tisa ulikuwa jina langu, na sasa kuna mahali anafika anauma meno na kugeuzia uso ukutani. Juzi nilimwambia aniite chochote, aniite Ngazi kama anataka. Akalia. Nami nikalia, lakini kwa hasira, na hayo si machozi ya aina moja.

Kazini mwangu nikiona boriti imeoza najua pa kukata. Hapa nashika msumeno na sioni palipooza.

Jumapili, 29 Oktoba

Tumegombana kuanzia kahawa mpaka mchana. Haikuwa kelele. Laiti ingekuwa kelele.

Nilimwuliza ni nani aliyewahi kumwambia apike. Akasema hakuna. Nilimwuliza ni lini nilimkataza kazi, marafiki, kulala kwa dada zake. Akasema sikuwahi. Nikadhani nimeshinda.

"Niliogopa kutoka kitandani bila kupaka mdomo rangi," alisema. "Miaka tisa. Nilikuwa naamka kabla yako."

"Mimi sikukulazimisha."

"Hukunilazimisha. Hukuwahi kuniuliza."

Hilo lilinikaa. Nilikuwa najua kwamba anaamka mapema. Nilidhani anapenda alfajiri.

Kisha akasema nilimfungulia mlango wa gari kila siku tangu tujuane, na kuna siku mwezi wa tano, hapa shambani, aliketi kwenye pikapu peke yake na kugundua kwamba anangoja. Hakuna mtu karibu, mvua inaanza, na yeye anangoja mlango ufunguliwe. "Nilijichukia," alisema. "Na nilikuchukia wewe kidogo. Halafu nikafungua."

Nilimwambia nilifungua kwa mapenzi. Nilijifunza kufungua milango kwa sababu hakuna aliyewahi kunifungulia mimi, nikaona ndilo jambo zuri kuliko yote ambalo mtu anaweza kumfanyia mwenzake. Akasema anajua. Akashika mkono wangu. Alikuwa na malengelenge ya shoka kiganjani, na aliyafurahia, niliona.

Sijui namna ya kugombana na mtu anayefurahia malengelenge.

Jumanne, 7 Novemba

Redio imesema California wamepiga kura, walimu watu wa aina yetu hawatafukuzwa mashuleni. Umande alipiga yowe mpaka mbuzi wakakimbia. Tukatoka wote kucheza mvuani mbele ya nyumba kubwa, hata Mwamba, anayecheza kama mtu anayekanyaga siafu.

Arlene akanijia. Nikamshika kiuno, nikaanza kumwongoza, mguu wangu unajua njia wenyewe. Akasimama. Akasema tucheze bila anayeongoza. Tukajaribu. Tulisimama pale kama nguzo mbili za geti, kila mmoja anamngoja mwenziwe, mpaka wimbo ukaisha. Alicheka kidogo. Mimi nilisema naenda kuangalia turubai la paa.

Ijumaa, 10 Novemba

Inchi mbili na robo. Kaskazini bado turubai tu.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Polepole. Yaliyotokea juzi Alhamisi nayaweka hapa yalivyokuwa, mengine niliyaona, mengine nimeambiwa na Umande, asiyejua kusema uongo.

Upepo ulianza kabla ya mapambazuko. Kufikia saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limeng'oka pembe moja na linapiga paa kama bawa la ndege mkubwa anayekufa, na maji yanaingia kwenye chumba tunachohifadhi nafaka. Nilipanda. Wanawake walishika kamba chini. Arlene alikuwa mbali, kwenye zizi la mbuzi, upande ambao anaona paa lote na miti iliyo nyuma yake.

Kuna msonobari mmoja nyuma ya nyumba ambao kilele chake kimekufa. Nilipanga kuukata mwezi wa nane, tukakaa duara, mmoja akasema ndege wanalala pale, hatukukubaliana, ukabaki. Arlene alikiona kile kilele kikilegea. Alikiona kabla ya wote. Umande anasema alimwangalia usoni wakati ule: alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akaufunga. Akaufungua tena. Kisha akapiga kelele, "Dada!"

Wanawake sita waligeuka wakamtazama yeye.

Mimi nilisikia pia. Nakumbuka vizuri kwamba nilisikia. Nilikuwa na misumari mdomoni na nikafikiri, anamwita mmoja wao. Nikapiga msumari.

Kile kilele kilinipata begani. Kilinitelezesha paa lote, nikaanguka upande wa banda, penye matope na majani ya mbuzi, na hayo ndiyo yaliyoniokoa. Mfupa wa mtulinga umevunjika, na mbavu mbili. Nililala pale mvua inaniingia machoni, nasikia kila upande dada, dada, dada. Arlene alifika wa kwanza. Alinishika uso kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inakwenda, nikaitazama. Nilikuwa na maumivu ambayo sijawahi kuyapata na bado niliitazama ile midomo, nikingoja.

Hakuniita.

Mwamba akawasha pikapu yangu. Walinilaza Arlene amenipakata. Tulipovuka geti tu, magurudumu hayajafika barabarani, Mwamba akasema bila kugeuka nyuma, "Vern, usifumbe macho. Vern. Niambie umeezeka nyumba ngapi tangu uanze."

Nilidhani ni homa. Kumbe ni geti. Tulikuwa nje ya mpaka, na nje ya mpaka sheria ya shimo haipo. Nilianza kumhesabia Mwamba nyumba. Alisema jina langu kila tulipopita shimo la barabara, njia nzima mpaka mjini, mtu ambaye sijawahi kuelewana naye tangu tufike.

Arlene alikuwa nje ya mpaka vilevile. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwake. Hakulisema hata mara moja.

Hospitalini muuguzi aliuliza huyu aliyekuja na mgonjwa ni nani wake. Arlene akasema, "Rafiki." Baada ya maneno yote aliyoyatupa na yote aliyoyaokota, hilo ndilo lililotoka. Muuguzi akaanza kumwonyesha benchi la kungojea. Mwamba, amelowa mpaka kiunoni, matope kwenye nyusi, akasema kwa ile sauti isiyopanda, "Ni mpenzi wake. Ni wasagaji, na mimi pia. Mruhusu aingie." Mzee mmoja aliyeshika kofia akahama kiti. Muuguzi alimtazama Mwamba, akatutazama sisi, akasema aingie basi, lakini avue viatu.

Jumatatu, 20 Novemba

Ananilisha. Ananifunga kitambaa cha mkono. Ananiosha nywele kwenye beseni, vidole vyake vilevile. Mtu angeingia sasa angesema wanapendana hawa.

Nimemwuliza kwa nini hakuniita nikiwa juu ya paa.

"Lilikuwa hapa," akashika koo. "Lilifika hapa. Nikakumbuka nimelizika mwenyewe, sina haki nalo."

"Na kwenye gari?"

Akaendelea kuosha.

Alhamisi, 23 Novemba

Siku ya shukrani. Wengine walikula nyumba kubwa, mimi siwezi kukaa wima muda mrefu. Mwamba aliniletea sahani ya viazi na boga, nikadhani ataondoka, akaketi juu ya sanduku la misumari.

Alisema huko kwao Ohio aliitwa jina jingine na alikuwa na mabinti wawili. Mume alipokwenda mahakamani, wakili wake Mwamba alimwambia akiulizwa akane, kwa kuwa hakuna ushahidi. Hakimu akamwuliza: wewe ni msagaji? Chumba kizima kinangoja.

"Nikasema ndiyo," alisema. "Sikuwa shujaa. Nilichoka tu. Neno lile moja, nikapoteza watoto wawili. Mdogo mwaka huu ametimiza kumi na tatu."

Nikaacha kula.

"Kwa hiyo nikimwona mtu anayepata yote, kitanda, mpenzi, meza, na neno hataki kulishika hata kwa ncha ya kidole, nataka kumpiga. Usidhani nilikuwa na falsafa yoyote, dada. Nilikuwa nataka kukupiga."

Nilimwambia kuhusu usiku mmoja wa mwaka wa hamsini na sita, nikiwa nimekaa sakafuni kituo cha polisi, wanataka niseme tu kwamba mimi ni mwanamke kama wengine waniachie. Nilitoka asubuhi ya siku ya tatu bila kulisema, meno mawili pungufu. Mwamba alitazama mahali yalipokuwa.

Hatukukumbatiana. Alichukua sahani. Mlangoni akasema mwezi ule wa nane ni yeye aliyesema ndege wanalala kwenye ule msonobari. Nikamwambia nakumbuka. Akasema yuko tayari lile jina lifukuliwe.

Ijumaa, 24 Novemba

Miezi miwili nimelala namchukia Mwamba, mtu asiyehusika.

Jumapili, 3 Desemba

Duara. Mvua haikuacha tangu alfajiri, watu wamevaa masweta mawili mawili. Nilishika jiwe kwa mkono wa kushoto. Nikasema sitaki mtu abadilishe imani yake. Neno msagaji nimelisema mbele yao leo, kwa mdomo wangu, maana nimejua lilivyomgharimu Mwamba na sitaki tena kulikwepa. Nikasema na mimi nina la kwangu lililonigharimu, na nalitaka.

Jiwe likazunguka. Umande alisema fukueni, tena upesi, yeye usingizi hapati tangu ile siku. Wengine wakasema fukueni. Mwamba akasema fukueni, lakini akakumbusha: anayeweza kuomba neno lifukuliwe ni yule aliyelizika. Hata yeye hawezi kulivunja hilo, maana siku moja mwingine atataka kufukua la kwake Umande.

Likafika kwa Arlene. Kichwa kile kilichonyolewa, masikio yamekuwa makubwa, mzuri kuliko alivyowahi kuwa akiwa na rangi mdomoni, na sikuwahi kumwambia. Alilishika jiwe mpaka kuni zikaporomoka jikoni.

Akasema, "Bado sijui." Akalipitisha.

Jumatano, 6 Desemba

Inchi moja na nusu. Umande amepigilia vigae kumi na viwili peke yake, vinne ni vya kung'oa. Nilimwelekeza toka chini kwa fimbo.

Jumapili, 10 Desemba

Mvua. Hatukuzungumza.

Jumatano, 13 Desemba

Leo amesema.

Alikuwa anachochea jiko la kuni, amenipa mgongo, na nadhani mgongo ndio uliomwezesha. Alisema haogopi jina. Anaogopa kwamba akilitamka atarudi kuwa yule, na yule hamjui tena.

"Yule alikuwa mtu gani?" nilimwuliza.

"Ndilo linalonitesa. Sijui kama alikupenda, au alikuwa anaijua tu kazi yake."

Kisha akatoka kukamua mbuzi. Kwenye mvua. Ndoo aliisahau.

Nimekaa hapa tangu hapo. Tangu Septemba nimekuwa nikipigania kitu kisichokuwa chenyewe. Nilifikiri nimepoteza jina. Jina ninalo, Mwamba anaweza kuniita nikivuka geti, muuza misumari mjini ananiita, hakuna aliyeninyang'anya. Kilichopotea ni miaka tisa. Kama mtu yule wa gauni la maua hakunipenda, basi jikoni kule Sacramento palikuwa na mwanamke mmoja tu, mimi, na mwingine alikuwa zamuni. Wala sitakuwa na pa kulia, maana hakuna aliyekufa.

Arlene, ukurasa huu nitauchana na kukupa mkononi leo hii, ukirudi na ndoo yako. Nakuita Arlene kwa kuwa ndiye niliyemjua. Ukinijibu, nitajifunza Korongo, na nitajifunza hata kucheza bila kuongoza, nina miaka arobaini na saba lakini mguu haujafa. Sikuombi ulifukue jina. Liache chini huko kama linakupa pumzi. Sikuombi nywele, wala kucha, wala unipikie hata yai. Na usiniambie bado hujui, kwa sababu hili haliko mbele yako kwamba utalijua baadaye. Lilishatokea. Ulikuwepo wewe peke yako ndani ya mwili ule, ukiamka kabla yangu gizani, ukipaka mdomo rangi, na hakuna duara linaloweza kukujibia.

Usinipe neno jipya, wala usinipe jiwe. Jumamosi Mwamba ananipeleka kwa daktari, na anawasha gari saa nne kamili asubuhi. Nitakuwa mbele ya pikapu. Sanduku langu litakuwa ama juu yake ama chini, kwa kadiri utakavyosema. Njoo kabla ya saa nne uniambie kwa mdomo wako, uso kwa uso: miaka ile tisa ulinipenda, ndiyo au hapana?